Kupanga Upya Vyumba vya Watoto Unapokarabati Nyumba ya Zamani: Mwongozo Kamili

Ukarabati wa nyumba ya zamani kwa kawaida huanza na fundi. Anaitwa, anagonga kuta, anapiga hesabu, na wiki inayofuata lipu ya zamani imeshamwagwa chini. Mahali pa vitanda vya watoto hujadiliwa mwishoni kabisa, rangi ikiwa imekauka. Hapo ndipo inagundulika kuwa soketi pekee iko nyuma ya kabati, swichi ya taa imefunikwa na mlango, na kitanda hakina pa kukaa isipokuwa chini ya dirisha. Mwongozo huu unageuza utaratibu: kwanza ijulikane nani analala wapi na kitanda chake kinakaa ukuta gani, ndipo fundi apewe kazi. Kitanda ndicho kinachoamuru soketi, taa, mlango na kabati.

Kabla ya kugawa vyumba, vikague

Anza na unyevu, kwa sababu ndio unaokwambia kitanda kisikae wapi. Kata kipande cha nailoni nzito chenye ukubwa wa ukurasa wa daftari, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne hewa isipite, kisha ukiache siku moja au mbili. Ukikuta matone kwa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe: bomba linavuja, paa linavuja, au unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone kwa nje, ni mvuke wa chumbani unaotua juu ya ukuta wa baridi, na dawa yake ni kuingiza hewa. Rudia kipimo hicho karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na juu karibu na dari, hasa kwenye kuta zinazotazama nje. Unyevu wa ardhini mara nyingi hujitambulisha wenyewe: alama ya maji inayoishia kama mita moja kutoka chini, na unga mweupe wa chumvichumvi juu yake.

Usikubali ukuta wa namna hiyo upakwe rangi ya kuzuia maji na kuachwa hivyo. Rangi itafura na kubanduka, na ukungu utaota nyuma ya godoro la mtoto. Pia kuta za zamani zilizojengwa kwa udongo au chokaa zimezoea kutoa unyevu taratibu. Ukizifunika kwa lipu ngumu ya saruji, maji hukosa pa kutokea na husogea kutafuta sehemu nyingine. Kuta za chokaa zirekebishwe kwa chokaa.

Cha pili ni rangi. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na tabaka kadhaa za rangi, na ya chini kabisa ikawa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978; nchi nyingine nyingi zilichelewa zaidi, kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu nyumba si ya zamani sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo wanaotambaa sakafuni na kutia mikono mdomoni. Hatari kubwa ni vumbi la msasa. Rangi isiyobanduka, iliyofunikwa vizuri, ina nafuu kuliko rangi iliyosuguliwa kavu ikapeperuka nyumba nzima. Pima kabla ya kusugua. Kama risasi ipo, fundi asugue kwa maji, afunike sakafu kwa nailoni, azibe mlango kwa nailoni nyingine, na watoto pamoja na mama mjamzito wasiwepo ndani ya nyumba wakati kazi inaendelea. Kusafisha ni kwa kitambaa cha maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi upya.

Asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu yakivutwa, nayo iangaliwe kwenye paa, bodi za dari na vigae vya plastiki vya sakafuni. Ikiwa nzima na haijaguswa, iacheni. Inapokatwa, kutobolewa au kuvunjwa ndipo nyuzi zake huingia hewani, kwa hiyo usiruhusu mtu apandishe drili kwenye dari usiyoijua ili tu kufunga taa mpya.

Nyufa ndogondogo za lipu zisikutishe. Ufa mpana zaidi ya milimita 5, au unaokatiza kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, uchoree mstari wa penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kupita mstari, mwite mhandisi kabla ya fundi rangi.

Nani alale wapi

Desturi ya kumpa mtoto mkubwa chumba kikubwa kwa sababu tu ametangulia kuzaliwa haina hesabu nzuri. Kijana wa miaka 14 anataka mlango wa kufunga, meza, na ukuta wa kubandika picha zake. Anaishi kitandani na mezani. Wadogo ndio wanaotumia sakafu: wanajenga, wanatandaza, wanakimbizana. Kwa hiyo wadogo wawili wapewe chumba kikubwa, na kijana achukue kidogo. Mwanzoni atanuna. Akishajua kwamba hashirikiani na mtu, mara nyingi mjadala unaisha.

Baada ya hapo tazama usingizi. Anayelala saa mbili usiku asipewe chumba kinachopakana na sebule, wala kile chenye mabomba ya bafu ukutani. Chumba hicho ni cha anayechelewa kulala. Chumba kinachopata jua la asubuhi humwamsha mtoto mapema, jambo zuri siku za shule na adhabu siku za mapumziko. Pazia zito linasaidia. Mdogo kabisa awe karibu na wazazi, ili anayemwendea usiku asivuke nyumba nzima gizani.

Kama kuna mtoto mchanga, au anatarajiwa, madaktari wa watoto hushauri alale chumba cha wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya mwanzo. Maana yake chumba chake hakina haraka. Kiache kiwe cha mwisho kukarabatiwa, na utaona hapo mbele kwa nini chumba kitupu ni mali wakati wa ujenzi.

Watoto waulizwe, ila wapewe chaguo mbili ulizokwisha kuzipima. Swali la wazi la "mnataka nini?" litakuletea ngazi ya kuteleza kutoka dirishani.

Pima, chora, tandaza

Vyumba vya zamani ni nadra kuwa na kona zilizonyooka. Pima upana wa chumba mara tatu: chini, kiunoni na juu, kisha shika kipimo kidogo kuliko vyote. Pima pia kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, chumba kimepinda, na kabati la kujengewa ukutani litaacha pengo upande mmoja. Andika mahali pa kila mlango na upande unaofungukia, kimo cha kizingiti cha dirisha, soketi, na ubao unaozunguka chini ya ukuta, maana huo ndio unaozuia kabati lisigote ukutani.

Chora ramani ambayo sentimita 5 ni mita 1. Kitanda cha sentimita 90 kwa 190 kitakuwa kikaratasi cha 4.5 kwa 9.5. Kumbuka kuongeza sentimita 5 hadi 10 za fremu, kwa kuwa watu wengi hupima godoro wakasahau mbao zake. Acha angalau sentimita 60 za kupita kando ya kitanda, na kama 90 mbele ya kabati la droo, ili mtoto apige magoti na droo ikiwa wazi.

Tuchukue chumba cha sentimita 300 kwa 320, watoto wawili. Ukiweka vitanda sambamba kwenye kuta mbili zinazotazamana, unabaki na njia ya sentimita 120 katikati kabla ya kutoa fremu. Inapendeza kwa macho, lakini mchezo umekwisha: kilichobaki ni ujia. Ukivipanga kwa umbo la herufi L, kimoja kikilala kando ya ukuta wa 320 na cha pili kikigusa ubavu wake kwenye ukuta wa 300, vinachukua 90 jumlisha 190, yaani 280, na unapata sakafu wazi ya kama mita 2.1 kwa 2.3 upande mmoja. Hapo panatosha zulia, na meza bado inaweza kukaa kwenye kona ya mbali. Mimi ningechagua L karibu kila mara. Dabo deka inaokoa nafasi zaidi, ila iangalie dari kwanza: kutoka juu ya godoro la juu hadi dari pawe na sentimita 85 au 90, mtoto aweze kuketi bila kugonga kichwa. Hapa ndipo dari ndefu za zamani zinapolipa.

Mchoro ukikubali, tandaza magazeti sakafuni kwa ukubwa halisi wa kila kitu na uyabandike kwa tepu. Fungua mlango. Fungua dirisha. Tembea kutoka kitandani hadi mlangoni taa ikiwa imezimwa. Utakachojikwaa nacho ndicho mtoto atakachojikwaa nacho.

Kuna sehemu ambazo kitanda hakikai hata kama karatasi inaenea: chini ya dirisha, kwa sababu kitanda ni ngazi ya kupandia, chini ya rafu yenye vitu vizito, na kugusana na ukuta wa nje wenye unyevu. Kama ukuta huo hauepukiki, acha sentimita 5 hadi 10 za hewa. Kabati kubwa la nguo nalo lisibanwe kwenye ukuta wa nje, maana nyuma yake hakuna jua wala upepo.

Umeme, mlango na dirisha kabla ya lipu

Sasa fundi umeme aingie, akiwa na mchoro wako mkononi. Nyaya za zamani zenye ganda la mpira hukauka na kupukutika. Ukikuta hizo, usiongeze soketi juu yake, badilisha zote. Hakikisha kuna waya wa ethi unaofika kwenye kila soketi, na kwenye meinswichi kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kila kitanda kipate soketi ubavuni, kama sentimita 20 kutoka ukingo wa fremu, isiwe nyuma ya fremu inayoweza kuponda plagi. Meza ipate soketi mbili pacha. Soketi zenye vifuniko vya ndani vinavyojifunga ni bora kuliko vile viplastiki vya kuchomeka, ambavyo mtoto huving'oa na kuvitafuna. Swichi ya taa ikae usawa wa sentimita 100 hivi ili mtoto wa miaka 5 aifikie, na kama fedha inaruhusu, weka ya pili kitandani inayozima taa ileile. Kwenye chumba cha dabo deka, taa ya dari isikae juu ya godoro la juu, na feni ya dari isikaribie kabisa.

King'ora cha moshi kiwekwe ndani ya kila chumba cha kulala na kwenye ujia wa nje. Kazi ya dakika chache wakati dari iko wazi.

Mlango unaofungukia upande mbaya unakula nafasi ya kitanda kizima, nao hurekebishwa kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Seremala huvua mlango, huziba mashimo ya bawaba za zamani kwa vipande vya mbao na gundi, huchonga makao mapya upande wa pili wa fremu, na kuhamisha kitasa. Hiyo ni kazi ya kabla ya rangi. Kitasa cha chumba cha mtoto kiwe cha aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu au bisibisi, kwa siku ile ambayo mtoto amejifungia.

Dirishani kuna mambo mawili yanayovutana. Mtoto asianguke, na watu waweze kutoka moto ukizuka. Wavu wa wadudu haumzuii mtoto hata kidogo. Nondo au kizuizi kisiwe na uwazi unaozidi sentimita 10, lakini katika kila chumba dirisha moja liwe na grili inayofunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani hutaka dirisha hilo likifunguka liache upenyo wa angalau sentimita 51 kwa upana na 61 kwa kimo, jumla ikifika kama mita za mraba 0.53, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Hata kama hapo ulipo hakuna kanuni hiyo, ni kipimo cha maana. Kamba za mapazia zinazoning'inia ziondolewe zote, zimenyonga watoto.

Kugawa chumba kimoja kuwa viwili

Kila nusu ipate dirisha lake. Ukuta unaoishia katikati ya dirisha moja unatoa vyumba viwili vibaya: sauti inapita kwenye fremu na hewa haimtoshi yeyote. Kama dirisha ni moja, usijenge ukuta. Tumia kabati lililofungwa sakafuni na darini, lisilofika hadi dirishani.

Ukuta mwepesi wa jipsamu juu ya fremu ya mbao au chuma unatosha, mradi ndani ujazwe pamba ya kuzuia sauti na kila upande upigwe tabaka mbili za bodi. Katika nyumba za zamani sauti hupita juu: ukuta ukikomea kwenye dari ya bodi, maneno yanaruka kupitia uwazi ulio juu yake. Pandisha ukuta hadi chini ya boriti au slabu. Na kabla ya kuvunja ukuta wowote ili kuunganisha vyumba, mhandisi athibitishe kuwa haubebi paa wala ghorofa. Kugonga kwa ngumi na kusikiliza mlio si kipimo.

Kazi ipangwe vipi, na watoto walale wapi

Paa na mabomba kwanza. Kisha kuta, umeme, milango kurekebishwa, lipu, dari, rangi, na sakafu mwishoni. Lipu mpya ya saruji ipewe kama wiki 4 kabla ya rangi, hasa rangi ya mafuta. Rangi ianzie darini, ishuke ukutani, imalizie kwenye mbao. Chagua ya maji isiyo na harufu kali, na mtoto asirudi kulala humo hadi harufu iishe, hata kama mkono unakwambia ukuta umekauka.

Chumba cha mtoto mchanga kinafanya kazi yake sasa. Kwa kuwa ni kitupu, kinakuwa kituo: wakaaji wa chumba cha kwanza wanahamia humo wakati chao kinakarabatiwa, wakirudi wanampisha wa chumba cha pili, hadi kibaki chenyewe. Vyumba vyote vikivunjwa kwa mpigo, familia nzima inaishia sebuleni juu ya magodoro, na fundi anajua huna pa kwenda wala huwezi kumharakisha. Kila zamu, vifaa vya fundi vitoke na sakafu ipigwe deki kabla mtoto hajarudisha hata mto wake.

Kuingiza samani

Kabati na droo zote zifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, hata zile zinazoonekana nzito. Mtoto hufungua droo tatu na kuzipanda, na kabati linamwangukia. Kwenye ukuta wa zamani tatizo ni lipu iliyolegea: toboa na utazame unga unaotoka. Ukianza mweupe au kijivu laini ukageuka mwekundu mgumu, umefika kwenye tofali, na hapo ndipo kiplastiki cha skrubu kinapaswa kushika. Kama lipu ina unene wa sentimita 3, skrubu fupi inashikilia vumbi tu.

Kitanda cha juu si cha mtoto chini ya miaka 6. Kiwe na kingo pande zote mbili, hata upande wa ukutani, zinazopanda angalau sentimita 13 juu ya godoro. Watu hununua godoro nene kwa huruma, kingo zikamezwa. Kitanda cha mtoto mchanga kiwe na vijiti vilivyosogeleana: kopo la soda likipita katikati, hakifai, hata kama ni urithi wa familia. Godoro lake liwe gumu na tambarare, bila mito.

Meza ilingane na mwili. Mtoto wa urefu wa sentimita 120 hadi 140 anahitaji meza ya kama sentimita 59 na kiti cha 35. Ya watu wazima humpandisha mabega hadi masikioni. Mwanga wa dirisha umwingilie kutoka kushoto kama anaandika kwa mkono wa kulia. Fimbo ya kutundikia nguo iwe sentimita 90 hadi 100 kwa wadogo, kwenye reli yenye matundu ya kuipandisha wanavyokua. Kwa ujumla epuka kujengea ukutani chochote ambacho hakitasogezwa, isipokuwa kabati la nguo. Wagawanye vyumba tena baada ya miaka michache, na utashukuru kitanda kikiwa na miguu.

Baada ya wiki mbili kaza upya boliti zote za vitanda, kwani mbao hukaa sawa zikishabeba uzito. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, pitisha tochi nyuma ya kila kabati na chini ya kila kitanda kilicho kwenye ukuta wa nje. Ukikuta doa, sogeza samani siku hiyohiyo na urudie kipimo cha nailoni.